Kiinua Mgongo na Ada ya Mshauri: Lipi la Kulipia?

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinamtaja mtu wa kati anayetaka chake ili ashughulikie pesa za uzeeni. Tunaanza na ile iliyohitaji hesabu nyingi zaidi.

Asalaam aleikum. Nimestaafu ualimu na kiinua mgongo changu, shilingi 2,000,000, kimeshaingia benki. Pensheni ya kila mwezi inanitosha kwa chakula na dawa, kwa hivyo pesa hizi sitaki kuzigusa kwa miaka kama 15. Mpwa wangu ameniletea mshauri wa fedha kutoka Mombasa. Anasema atanichagulia pa kuwekeza na kusimamia kila kitu kwa ada ya asilimia 1 kwa mwaka. Moja katika mia naona si kitu. Nikubali?
*Mwalimu mstaafu, Langoni, Lamu*

Wa aleikum salaam, Maalim. Tuchukue kwamba pesa zako zinazaa asilimia 10 kwa mwaka na faida yote inarudi ndani kuzaa tena. Asilimia 10 ni mfano tu wa hesabu, hakuna anayeweza kukuahidi. Baada ya miaka 15, milioni 2 zimekuwa kama 8,354,000. Sasa mpe mshauri moja yake kila mwaka, pesa zikue kwa 9. Utakuta kama 7,285,000. Pengo ni shilingi 1,069,000, zaidi ya nusu ya mtaji ulioanza nao.

Imekuwaje moja ikafika huko? Ada haikatwi kwenye faida peke yake, inakatwa kwenye fungu zima, mtaji pamoja na faida. Kila shilingi iliyotoka mwaka wa pili inakosa kuzaa miaka 13 iliyobaki. Tena ada inakua pamoja na pesa. Mwaka wa kwanza utamlipa kama 20,000. Mwaka wa mwisho fungu likiwa limefika milioni 7 na kitu, utamlipa kama 70,000 kwa kazi ileile, pengine kwa simu moja ya Idi.

Halafu uangalie bei za sokoni. Pesa zikizaa asilimia 10 na bei za vitu zikapanda asilimia 6, ulichoongeza kikweli ni kama 4. Moja katika mia ya mshauri hapo imekuwa robo ya faida yako halisi. Na ada yake haiko peke yake. Mfuko wenyewe atakaokuweka una ada ya meneja, na kwa mifuko mingi ya soko la fedha (pesa za watu wengi zinazokusanywa na kuwekwa kwenye amana na mikopo ya muda mfupi) hapa Kenya ni karibu asilimia 2 kwa mwaka. Serikali nayo inakata kodi ya zuio, inayotolewa kabla riba haijakufikia, ya asilimia 15. Mfuko ukitangaza asilimia 11, kwa kawaida ada ya meneja imeshatolewa lakini kodi bado. Wewe unapata 9.35. Toa moja ya mshauri, umebaki na 8 na kitu.

Watetezi wa ada hii husema mshauri hodari atalishinda soko, kwa hivyo atajilipa mwenyewe. Mwaka 1991 mchumi wa Marekani William Sharpe aliandika hoja fupi ya hesabu tu. Wawekezaji wote kwa pamoja ndio soko, kwa hivyo wastani wa wanaojaribu kulishinda, kabla ya gharama, ni soko lenyewe. Ukitoa gharama, wastani wao lazima uwe chini yake. Wapo watakaoshinda, ila huwezi kuwajua mapema, na ada unailipa ukishinda ukishindwa.

Jambo la kumuuliza mshauri huyo ni hili: pesa zangu utaziweka wapi hasa? Akijibu mfuko wa soko la fedha na bondi za serikali (unaikopesha serikali kwa miaka, nayo inakulipa riba), hivyo vyote unaweza kufungua mwenyewe. Kwa bondi na bili za hazina (mikopo ya muda mfupi kwa serikali), Benki Kuu ya Kenya ilianzisha mwaka 2023 mfumo wa DhowCSD, unaotumika kwa simu au kompyuta. (Wamechagua jina la chombo chetu, ila hawakuthubutu kuliita jahazi.) Kufungua akaunti ni bure na Benki Kuu haikutozi kamisheni. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA, na akaunti ya benki iliyo kwa jina lako vilevile kama lilivyo kwenye kitambulisho. Hapo ndipo wengi hukwama. Kitambulisho kina majina matatu, benki ina mawili, maombi yanarudishwa. Sahihisha kwanza benki.

Akaunti ikifunguka, bili za hazina ni za siku 91, 182 na 364, na mnada wake ni wa kila wiki. Kuna njia mbili za kuomba, kutaja riba unayotaka au kukubali wastani wa mnada. Mtu wa kawaida achague wastani. Ukitaja riba yako na ukazidisha, utakosa kabisa. Ukikubaliwa utaletewa kiasi cha kulipa na nambari ya malipo. Lipa kiasi hichohicho kupitia benki kabla ya muda uliotajwa, na nambari hiyo iandikwe kwenye fomu ya benki. Anayekubaliwa kisha asilipe anaweza kufungiwa minada inayofuata.

Bondi ni za miaka mingi zaidi. Kodi ya zuio ni asilimia 15 kwa zilizo chini ya miaka 10, asilimia 10 kwa za miaka 10 na kuendelea, na bondi za miundombinu hazikatwi kodi hiyo. Kwa mtu asiyetaka kugusa pesa miaka 15, hizo za mwisho ndizo za kuziangalia kwanza. Hatari yake kubwa ni kuuza kabla ya kuiva. Riba za sokoni zikiwa zimepanda, bondi yako ya riba ndogo itanunuliwa kwa bei ya chini ya uliyotoa. Kwa hivyo usiingize zote. Bakisha matumizi ya mwaka mmoja mahali pa kutoa kwa siku mbili tatu.

Hatukwambii umfukuze mgeni wa mpwa wako, Maalim. Mwambie hivi: "Sitaki unisimamie kila mwaka. Niandikie mpango mmoja, kurasa chache, unaonyesha nigawe vipi, kwa nini, na nifanye nini kila bondi ikiiva. Bei yako ya kazi hiyo ni ngapi?" Akitaja kiasi maalumu, zungumzeni. Akisema hafanyi hivyo, basi umejua biashara yake iko wapi.

Hamjambo wahariri. Mimi ni nahodha wa mashua ya wageni, sina mwajiri. Ajenti amenishawishi niingie mpango wa pensheni ya mtu binafsi kupitia kwake, anasema nitarudishiwa kodi. Anataka asilimia 5 ya kila ninachoweka. Je, ni lazima nipitie kwake? Mapato yangu ni ya msimu.
*Nahodha, Shela, Lamu*

Si lazima, nahodha. Mpango wa pensheni ya mtu binafsi ulioandikishwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu unaufungua mwenyewe. Unajaza fomu ya kampuni inayouendesha, unaambatisha kitambulisho, PIN na majina ya warithi kwa asilimia zao, kisha unalipa kwa nambari ya malipo ya mpango.

Asilimia 5 ya kuingilia ni nzito kuliko inavyosikika. Ukiweka 400,000, zinazoanza kufanya kazi ni 380,000. Zikizaa asilimia 10 mwaka huo zinafika 418,000. Umepata 18,000, yaani asilimia 4.5 badala ya 10, na kesho ukiongeza, makato yanaanza upya.

Hilo la kurudishiwa kodi lina ukweli, ila huenda si kwako. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024 mchango wa pensheni hadi shilingi 30,000 kwa mwezi hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi kuhesabiwa, pamoja na kile cha NSSF. Mwajiriwa ambaye shilingi zake za juu zinatozwa asilimia 30 akiweka 5,000 hupunguziwa kodi 1,500. Lakini mwenye biashara ndogo anayelipa kodi ya asilimia 3 ya mauzo yote hana pa kutoa gharama wala mchango, kwa sababu kodi ile inapigwa kwenye mauzo ghafi. Kama wewe uko huko, ajenti amekuuzia nafuu ya mtu mwingine.

Faida utakayoipata iko kwingine, naye hakuitaja. Mapato ya mfuko wa pensheni ulioandikishwa hayakatwi ile kodi ya zuio. Asilimia 11 ndani ya pensheni inabaki 11, wakati kwenye mfuko wa kawaida inashuka hadi 9.35. Kwa miaka 20 hilo ni jambo kubwa. Bei yake ni kwamba pesa zimefungwa. Soma masharti ya kutoa mapema kabla hujaweka hata mia.

Kuhusu msimu, usikubali agizo la kudumu la kiasi kimoja kila mwezi. Omba mpango unaopokea mchango wowote wakati wowote. Weka kwa nguvu kaskazi, wageni wakiwa wengi, na wakati wa kusi upumzike bila faini. Uliza kwa maandishi kama faini ipo. Na angalia jina la unachotia sahihi. Ikiwa kwenye fomu pameandikwa "bima ya akiba", si pensheni hiyo. Bima nyingi za namna hiyo hazikurudishii kitu ukisimama kabla ya miaka 3, maana michango ya mwanzo imeshakwenda kwenye kamisheni na gharama.

Nilifanya kazi hotelini miaka 11, nina umri wa miaka 43, nimepunguzwa kazi. Kuna mtu mjini anasema atanitolea pesa zangu za mpango wa kustaafu wa hoteli kwa haraka, kwa asilimia 10. Ni haki?
*Msomaji, Malindi*

Usimpe. Hana mlango ambao wewe huna. Andika kwa msimamizi wa mpango (jina lake liko kwenye taarifa yako ya mwaka, au uliza ofisi ya wafanyakazi ya hoteli), jaza fomu ya kutoa, ambatisha kitambulisho, PIN, barua ya kuacha kazi na nambari ya akaunti ya benki. Tunza nakala yenye mhuri wa tarehe ya kupokelewa. Kanuni zinataka ulipwe ndani ya siku 30. Zikipita, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, bila malipo.

Kwa umri wako unaruhusiwa kuchukua michango yako yote na faida yake, na nusu ya ile ya mwajiri. Nusu nyingine inangoja. Lakini fikiri kabla ya kujaza. Unaweza kuhamisha zote, yako na ya mwajiri, kwenye mpango wa mtu binafsi, zikaendelea kuzaa bila kodi ya zuio. Ukizitoa sasa, nafuu ya kodi inayotolewa kwa anayefikia umri wa kustaafu au aliyetimiza miaka 20 katika mpango haikuhusu. Kama nyumbani hakuna cha kupika, hilo ni lako kuamua. Kama kuna, hamisha.

Nimestaafu kampuni ya kibinafsi. Mpango wa pensheni umenipa 4,500,000, nimeruhusiwa kuchukua theluthi moja taslimu na zilizobaki, 3,000,000, nichague kununua anuiti au kuingia mpango wa kuchota kidogo kidogo. Mshauri anataka 25,000 mara moja kunisaidia kuchagua. Mke wangu asema ni pesa za kutupa.
*Mstaafu, Malindi*

Hapa hatuko upande wa mama wa nyumbani, kwa heshima zote. Hii ndiyo aina ya ada tunayoona inastahili, kwa sababu uamuzi ni mmoja na haurudi nyuma. Anuiti ukishainunua, kampuni ya bima imechukua milioni 3 zako na wewe umepata ahadi ya malipo ya kila mwezi maisha yako yote. Huwezi kurudi baada ya mwaka ukasema umebadili nia.

Tazama yanayoweza kwenda kombo. Kuna anuiti ya kiasi kisichopanda. Ukipewa 30,000 kwa mwezi na bei zikawa zinapanda asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 12 zile 30,000 zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa 15,000. Anuiti inayoongezeka kila mwaka huanza chini, na watu huikataa kwa sababu ya hiyo namba ya mwanzo. Kuna kipindi cha dhamana, cha miaka 5 au 10 kwa mfano. Ukifariki ndani yake familia hulipwa hadi kiishe, ukifariki baadaye malipo yanakoma. Na kuna ya wenza wawili, ambapo mkeo akibaki nyuma anaendelea kulipwa sehemu. Fomu nyingi hutiwa sahihi bila kisanduku hicho kuguswa, mjane akaja kujua siku ya msiba.

Mpango wa kuchota ni tofauti. Pesa zinabaki zako, zinawekezwa, na unachota kila mwaka usizidi asilimia 15 ya zilizopo, kwa muda usiopungua miaka 10. Ukifariki, zilizobaki ni za warithi. Kosa la wengi ni kuchota kiwango cha juu tangu mwanzo. Mwaka wa kwanza, asilimia 15 ya milioni 3 ni 450,000, yaani 37,500 kwa mwezi, raha. Lakini hata zilizobaki zikizaa asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka 10 fungu limeshuka hadi kama 1,532,000, na asilimia 15 yake ni kama 19,000 kwa mwezi. Umri nao umeongezeka miaka 10 na dawa zimepanda bei. Ukichota asilimia 8 au 9 tangu mwanzo, fungu linaweza kusimama mahali pake.

Kwa 25,000, mshauri akuletee hivi: bei za anuiti kutoka kampuni tatu au zaidi, zote za wiki moja na kwa masharti yaleyale (umri uleule, mke yuleyule, dhamana ileile), na jedwali la kuchota kwa viwango vitatu. Bei za kampuni hutofautiana. Akikuonyesha tofauti ya 1,500 tu kwa mwezi, ada yake imerudi kwa miezi 17, na wewe unaendelea kula tofauti hiyo maisha yote.

Sharti moja. Akuandikie kwamba hapokei kamisheni kwa kampuni yoyote ya bima kwa anuiti yako. Akipokea huku na kwako, ushauri wake umeshanunuliwa na mwingine. Uingereza walipiga marufuku mwishoni mwa 2012 washauri wa uwekezaji kulipwa kamisheni na wenye bidhaa. Hapa kwetu ajenti wa bima bado anakula kamisheni ya bima anayouza, na si kosa, mradi wewe ujue unaongea na muuzaji.

Mimi sitaki riba. Mshauri anasema anajua mifuko ya kisharia, ada yake ni 15,000 kwa mpango. Yafaa?
*Bi mmoja, Mkomani, Lamu*

Yaweza kufaa, Bi, kama anajua kweli. Hukumu ya dini utamuuliza sheikh wako. Sisi tutasema upande wa pesa. Bili za hazina, bondi za kawaida na mifuko ya kawaida ya soko la fedha zinaishi kwa riba, kwa hivyo zimekutoka. Kinachobaki ni kichache: mifuko yenye bodi ya sharia inayoweka pesa kwa mudharaba (wewe unatoa mtaji, mwingine anafanya biashara, mnagawana faida) katika benki za Kiislamu, sukuk (hati za uwekezaji zinazofanana na bondi ila bila riba), na hisa za kampuni zilizochujwa. Sukuk iitwayo Linzi, ya kujengea nyumba, iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2023. Kwa sababu uchaguzi ni mdogo, kazi ya kutafuta ni ya kweli, na malipo ya kiasi maalumu kwa kazi iliyotajwa yanaeleweka kuliko asilimia ya kila mwaka.

Mpime kwa maswali. Bodi ya sharia ya mfuko ni akina nani, na cheti chao cha mwaka huu kiko wapi? Hisa zinachujwa kwa kipimo gani cha deni? (Kipimo cha AAOIFI, shirika la kimataifa la viwango vya fedha za Kiislamu, ni deni la riba lisifike asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni.) Mapato yaliyochanganyika na ya haramu husafishwa vipi, na nani huhesabu? Asiyeweza kujibu haya bila kubabaika, 15,000 zako zibaki mkobani. Na akikuahidi "faida ya uhakika ya asilimia kadha", basi hajui mudharaba. Huko faida hugawanywa ikishapatikana.

Nitajuaje mshauri ana leseni?
*Kijana, Malindi*

Mshauri wa uwekezaji na meneja wa mfuko hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ajenti wa bima na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, msimamizi wa pensheni na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu. Orodha ziko kwenye tovuti zao. Tafuta jina la kampuni mwenyewe, usibonyeze kiungo alichokutumia. Kisha piga simu kwa nambari iliyo kwenye orodha uulize kama huyo mtu ni wao, maana matapeli hutumia jina la kampuni halali.

Mwenye leseni pia hapokei mtaji wako kwenye simu yake binafsi. Mtaji unakwenda kwenye akaunti iliyo kwa jina la mfuko, inayotunzwa na benki mhifadhi. Kinachoingia kwake ni ada tu, kwa risiti. Akikutajia asilimia 3 kwa mwezi bila kukosa, piga hesabu: kwa mwaka ni karibu asilimia 43. Muulize ni biashara gani Kenya inayolipa hivyo kila mwaka, na kwa nini asiende kukopa benki badala ya kukufuata wewe.